Nyau amekufa ghafla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma na Ujiji

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, kuanzia Gungu na Mwanga hadi Ujiji, nyumba inapopoteza paka mchanga. Mengi huanza na lawama na kuishia kwenye "nichukue mwingine lini?" Kama nyau wako bado yu hai na ni mgonjwa saa hii, acha sehemu ya kwanza, nenda moja kwa moja ya pili.

## 1. Nini kimemuua

Juzi alikuwa anarukia pazia, leo amekufa. Ni ugonjwa gani unaoua haraka hivi?

Kwa paka wa chini ya miezi mitano ambaye hajachanjwa, wa kwanza kushukiwa ni panlukopenia. Utasikia pia ikiitwa pavo ya paka, kwa sababu kirusi chake ni ndugu wa karibu wa kile cha pavo ya mbwa. Kirusi hiki hushambulia chembe zinazozaliana kwa kasi mwilini, hasa za utando wa utumbo na za uboho wa mifupa, ambako chembe nyeupe za damu hutengenezwa. Utumbo unachubuka, maji yanatoka juu na chini, na wakati huohuo kinga imeporomoka. Bakteria waliokuwa wametulia tumboni wanapata njia ya kuingia kwenye damu. Hapo ndipo wengi wanapofia.

Asipotibiwa, nyau mwenye ugonjwa huu ana nafasi ndogo sana; wanaokufa wanaweza kufikia 9 kati ya 10. Tangu kirusi kiingie hadi dalili zitokee hupita siku 2 hadi 10. Kwa hiyo ni kweli juzi alikuwa anarukia pazia, ila alikuwa nao tayari. Na wale wachanga zaidi wanaweza kufa kabla hata hawajaharisha.

Dalili zake zikoje?

Kwanza anakataa kula. Nyau wa hapa akipewa dagaa wabichi akageuza uso, huyo anaumwa, usisubiri dalili ya pili. Kisha anajitenga, anatapika maji au povu la njano, anaharisha majimaji yenye harufu kali, mara nyingine yenye damu. Homa inapanda hadi nyuzi 40 au zaidi, ilhali joto la kawaida la paka ni kati ya 38 na 39.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila aliyempoteza nyau kwa ugonjwa huu analikumbuka. Anakwenda kwenye bakuli la maji, anajikunyata, anainamisha kichwa hadi kidevu kikaribie kugusa maji, halafu anabaki hapohapo bila kunywa. Ana kiu, lakini kichefuchefu kinamzuia. Ukivuta kidogo ngozi ya mgongoni juu ya mabega ikabaki imesimama badala ya kurudi, maji mwilini yamekwisha. Masikio na nyayo zikiwa baridi na mwili umepoa, hali ni mbaya kuliko alipokuwa na homa.

Jirani yangu hapendi paka. Nitajuaje kama hakumwekea sumu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloharibu ujirani. Nyumba za kwetu zimebanana, paka hana mpaka, na kila mtaa una mtu aliyewahi kusema "huyo paka wako akila tena mboga yangu nitamwonyesha." Paka akifa wiki hiyo, kesi imeshahukumiwa.

Angalia mfuatano wa mambo. Sumu nyingi za panya zinazouzwa mitaani kwenye vipakti na vichupa hufanya kazi kwa dakika au saa chache: mate yanamtiririka, misuli inatetemeka, anakakamaa, anapumua kwa shida. Paka alikuwa mzima kabisa asubuhi, adhuhuri ameanguka. Pavo huwa na utangulizi, hata kama ni wa siku moja tu: kupoa, kukataa chakula, kutapika, kuharisha. Ipo pia sumu ya panya inayozuia damu kuganda, ambayo huchukua siku kadhaa, na hapo utaona damu puani, kwenye fizi au michubuko chini ya ngozi. Na hata ikiwa ni sumu kweli, paka anaweza kuipata kwa kula panya aliyelishwa nyumba ya tatu, bila mtu yeyote kumlenga.

Kipimo kingine ni umri. Kama waliokufa ni wadogo watupu na mama yao mzima, huku wote wakitembea njia moja na kula sehemu moja, ni vigumu kuamini sumu iliyochagua watoto peke yao. Maambukizi ndiyo huchagua hivyo, kwa kuwa paka wengi wakubwa walishakutana na kirusi wakajenga kinga.

Kumwekea mnyama sumu kwa makusudi si jambo dogo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria inataka ushahidi, na "hapendi paka" si ushahidi. Kama maneno yameshatoka mdomoni, tazama swali la mwisho kabisa.

Naweza kupata uhakika akiwa ameshakufa?

Daktari wa mifugo anaweza kumpasua na kuangalia utumbo, mradi mwili upelekwe mapema, ndani ya siku moja, ukiwa umefungwa kwenye plastiki na kuwekwa mahali pa baridi bila kugandishwa. Kipimo cha haraka cha kinyesi kinachotumika kwa pavo ya mbwa mara nyingi hukigundua kirusi cha paka pia, kwa hiyo uliza kama anacho. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo Tabora, lakini hiyo ni zaidi ya kilomita 400 kwa reli na sijaona mtu akipanda treni na maiti ya nyau. Kwa nyumba nyingi, mfuatano wa dalili na umri ndivyo vitakavyokupa jibu.

Kama si pavo, inaweza kuwa nini kingine?

Minyoo mingi. Viroboto pia: kwa nyau wa nusu kilo, viroboto wengi hunyonya damu hadi fizi zinakuwa nyeupe kama karatasi, na hufa kwa kukosa damu. Hivi viwili vinatibika kwa gharama ndogo na vinaua wengi bila sababu.

Kama alidhoofika kwa wiki kadhaa huku tumbo likijaa maji na mbavu zikihesabika, hiyo inaelekea zaidi kwenye FIP, ugonjwa unaotokana na kirusi cha korona cha paka kilichobadilika ndani ya mwili wa paka mwenyewe. Hupata zaidi paka wa chini ya miaka miwili. Hadi miaka michache iliyopita ulikuwa hukumu ya kifo. Sasa kuna dawa iitwayo GS-441524 inayoponya wengi, kwa kawaida kwa wiki 12 mfululizo, lakini ni ghali. Leukemia ya paka, ugonjwa mwingine wa kirusi, nayo hupita kwa mate na kwa maziwa ya mama, na huua polepole kuliko pavo.

## 2. Akiwa bado mgonjwa

Kuna dawa ya pavo ya paka?

Dawa ya kukiua kirusi chenyewe hatuna. Kinachookoa ni kumshikilia mnyama asife hadi mwili wake utengeneze tena chembe nyeupe. Daktari wa mifugo atamwekea maji, kwa mshipa au chini ya ngozi, atamchoma sindano ya kuzuia kutapika na antibayotiki dhidi ya wale bakteria wa tumboni. Wewe kazi yako ni joto: chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, pembeni yake, na nafasi ya yeye kusogea akiona joto limezidi.

Anayevuka siku 5 za kwanza mara nyingi hupona. Ndiyo maana saa za mwanzo ni za thamani kuliko chochote utakachofanya siku ya tatu. Usianzie duka la dawa za mifugo kununua kidonge cha minyoo "tuone kwanza". Mpigie daktari au afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Nimpe Panadol ya watoto ishushe homa? Na maziwa yakate sumu?

Panadol, hapana. Hata robo. Ini la paka halina uwezo wa kuchakata parasetamoli kama la binadamu; damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia au buluu, uso unavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa, sembuse nyau. Diklofenaki nayo weka mbali. Nyau wangapi wa mji huu wamemalizwa na huruma ya Panadol, Mungu ndiye ajuaye.

Maziwa hayakati sumu, na ya ng'ombe huzidisha kuharisha kwa paka wengi. Ukimkamata kwa nguvu ukammiminia maziwa au mafuta ya kula huku anatapika, yataingia mapafuni. Kama hatapiki na anaweza kumeza, maji ya ORS kwa bomba lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni mwa shavu, yanasaidia wakati unamsubiri daktari. Si tiba.

Daktari amesema tumchome sindano ya kumpumzisha. Nikubali?

Muulize maswali mawili: je, kuna jambo lolote lililobaki ambalo analiona likimrudisha nyau, na je, sasa hivi nyau ana maumivu? Kama joto limeshuka sana, hajitambui na hawezi kuinua kichwa, kusubiri hadi kesho ni kumwongezea saa za mateso. Sindano ikichomwa vizuri anapoteza fahamu kwanza, ndipo moyo unasimama. Kaa naye ukiweza. Ukishindwa, hakuna atakayekuhukumu, mradi umuache kwenye mikono ya daktari na si ya mtu mwenye panga au gunia. Paka kuzamishwa ziwani ndani ya kiroba si kupumzishwa.

## 3. Nyumba, kaburi na paka wengine

Nimzike wapi?

Kwenye ardhi, shimo lifike kiunoni au angalau mapajani, ili mbwa wasimfukue. Mfunge kwenye kitambaa, si mfuko wa plastiki. Kaa mbali na kisima na mbali na ukingo wa ziwa. Kibirizi na Katonga watu wanaoga, wanaosha vyombo na kuchota maji pwani, hivyo usimtupe majini wala kwenye dampo ambako paka wengine wanapekua. Ukiwa umepanga, mwambie mwenye nyumba kabla hujachimba. Wengi watakuelekeza kwenye mgomba.

Nasafishaje nyumba? Nimeshadeki kwa sabuni na dawa ya kunukia.

Hiyo haikuondoa kitu. Kirusi hiki ni king'ang'anizi: kinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka mzima, na sabuni, spiriti ya mikono na dawa nyingi za kudekia hazikiui. Jiki inakiua.

Utaratibu uwe huu: ondoa uchafu kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu jiki ikikutana na kinyesi inapoteza nguvu. Kisha changanya kipimo 1 cha jiki ya kawaida kwa vipimo 15 vya maji, pakaa sakafu, ukuta wa chini, bakuli na beseni la mchanga, acha pakiwa pabichi kwa dakika 10, ndipo usuuze. Usichanganye jiki na dawa ya choo. Moshi wake unachoma mapafu. Boksi alilolalia, gunia na mkeka uliochakaa, choma moto. Nguo zinazovumilia jiki ziloweke.

Viatu watu huvisahau. Kirusi hupanda soli ya ndala, hupanda mikono, hupanda kapu ulilombebea, na ndivyo paka asiyewahi kutoka ndani anavyoambukizwa.

Nyumba yangu ni ya sakafu ya udongo. Jiki nitaimwaga wapi?

Udongo hauwezi kutakaswa kwa jiki. Kwangua tabaka la juu pale alipoharishia, lifukie mbali, fungua madirisha na milango jua liingie. Halafu chukulia kwamba kirusi bado kipo, na ufuate jibu la "nichukue mwingine lini".

Ndugu zake wawili bado wazima. Nifanyeje?

Watazame kwa siku 14. Watenge na paka wengine wa mtaa, usimgawie mtu hata mmoja, na anayekataa chakula apelekwe siku hiyohiyo. Mwulize daktari kuhusu kuwachanja mara moja wale ambao bado hawana dalili.

Hapa kuna kishawishi kikubwa: mtu amepoteza mmoja, anaona bora hawa wawili waende kwa shangazi Kasulu wakapone huko. Utakuwa umepeleka msiba kwa shangazi.

Nichukue mwingine lini?

Watoto wanalia, panya wamesikia habari, na mwaloni Kibirizi paka hawakosekani, wamejaa chini ya vichanja vya dagaa. Ndani ya wiki mtu analeta mwingine wa wiki sita kwenye boksi, na ndani ya wiki mbili naye amekufa. Nyumba ya namna hiyo huanza kusema ina mkosi. Mkosi ni kirusi kilichobaki sakafuni.

Una njia mbili. Ya kwanza, mchukue paka mkubwa aliyechanjwa. Ya pili, ukitaka mdogo, akae alikozaliwa hadi amalize chanjo zote na wiki mbili zipite. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16 au zaidi. Hurudiwa kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama huweza kuizima chanjo, na hakuna ajuaye kwa kila nyau itakwisha wiki gani. Chanjo moja kisha kuacha ni kubahatisha. Inahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo muulize daktari kama anayo kabla hujamchukua paka, na uliza amekuwa akiihifadhi vipi umeme unapokatika.

## 4. Sisi tuliobaki

Inaambukiza watoto? Mke wangu ni mjamzito.

Panlukopenia haimpati binadamu. Kwa mjamzito hofu ni nyingine: toksoplasma, kimelea kinachopatikana kwenye kinyesi cha paka na kwenye nyama isiyoiva. Mama asishike beseni la mchanga wala kusafisha kinyesi. Mtu mwingine afanye hivyo kila siku, kwani kimelea huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili ndipo kiweze kuambukiza.

Aliniuma nilipokuwa namnywesha dawa, kisha akafa.

Osha jeraha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo, si kesho, ukaeleze kwamba paka amekufa. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Hata mkwaruzo wenye mate unahesabika. Mwili wa paka usiuzike kabla hujazungumza na afisa mifugo.

Mwanangu wa miaka mitano anauliza paka yuko wapi. Nimwambie nini?

Amekufa. Neno hilohilo. Ukisema "amelala", mtoto ataogopa kulala. Ukisema amepanda treni kwenda Dar, ataomba kwenda stesheni kumpokea, na utakuwa umejitafutia kazi ya wiki nzima. Mwambie aliugua sana tumbo, daktari alijaribu, mwili wake ukashindwa. Kama anataka kuweka jani au ua kaburini, mwache. Kama baada ya dakika kumi anacheza mpira, hiyo nayo ni kawaida. Swali litarudi usiku.

Watu wananicheka nikilia. "Si ni paka tu?"

Anayesema hivyo hakukesha na chupa ya maji ya moto. Nyau umemlisha kwa kidole, amelala kwenye kanga yako, kila ukipika alikuwa miguuni. Huwezi kutarajia mtaa uje kukaa matanga, ila mpole mmoja wa kumweleza anatosha. Ruhusa kazini kwa ajili hii usiombe. Mabosi wetu hawajafika huko.

Je, dini inaruhusu kumlilia?

Machozi ya huruma hayana ubaya, na sijasikia shehe wala padri wa hapa akiyakataza. Kwa Waislamu, paka si najisi, na Abu Huraira, sahaba mashuhuri, alipata jina hilo kwa ajili ya paka wake. Mnyama hasaliwi jeneza. Unamzika tu kwa heshima. Swali la kama utamkuta peponi mpelekee shehe au padri wako, mimi siliwezi.

Ningemuwahisha, angepona?

Labda. Hata wanaofika mapema na kupata maji na sindano zote, wengi hufa. Ulichokosa zaidi kuliko mwendo ni chanjo, na hiyo inamhusu paka ajaye.

## 5. Mambo ya pembeni

Nyau mmoja amebaki, anakula vizuri lakini anayumba kama mlevi.

Mama yao akiambukizwa akiwa na mimba, kirusi huharibu sehemu ya ubongo ya watoto inayosimamia mwendo. Hatapona kuyumba, wala hatazidiwa. Mpe bakuli zito lisilopinduka, mzuie kupanda juu, ataishi miaka yake.

Aliyepona ni salama kwa wengine?

Si mara moja. Anaweza kuendelea kutoa kirusi kwenye kinyesi na mkojo hadi wiki 6. Yeye mwenyewe kwa kawaida hapati tena.

Mbwa wangu je? Na kuku?

Kuku na mbuzi hawana shaka. Mbwa hapati pavo hii ya paka, ila pavo ya mbwa ya sasa inaweza kumpata paka, kwa hiyo mbwa naye achanjwe.

Nilishamwambia jirani mbele za watu kwamba ameua paka wangu. Sasa daktari amesema ni pavo.

Nenda kwake, na kama ulimtuhumu mbele za watu, usimwombe radhi faraghani. Mchukue mzee mmoja aliyekuwepo siku ile, mpige hodi jioni watu wakiwa nyumbani, mweleze daktari amesema nini. Usianze na "nilikuwa na uchungu", anza na "nimekukosea."

Kama naye ana paka au wajukuu wake wanafuga, mwambie pia habari ya chanjo na jiki. Na ukiwa bado hujasafisha kwako, ndala ziache nje ya kizingiti chake.